Sekunde Kumi, Al-Hail

Kwanza kiyoyozi.
Kinakubali shingo upande:
kinatikisika, kinadondosha tone, kinanyamaza.
Nje ni Agosti, saa sita usiku imeshapita
na bado digrii thelathini na sita.
Nina robo saa
kabla chumba hakijawa tanuri
na mbao za gitaa hazijaanza kunywa jasho langu.

Kisha friji. Nimeichomoa,
na ndani yake nimeweka funguo za gari
nisije nikasahau kuirudisha.
Wiki iliyopita nilisahau,
nguru wa mama akaharibika,
nikaitwa kwa jina langu, la baba na la babu.

Mlangoni blanketi zito la maua mekundu
alilotuletea Bi Shinuna kutoka Dubai.
Chini ya mlango, kanzu mbili kuukuu.
Saa ya ukutani nimeilaza katikati ya mito.
Maikrofoni, shubiri moja
kutoka pale shingo inapokutana na mwili,
si mkabala na tundu: huko huvuma kama pipa.

Sasa, kabla ya kupiga,
rekodi sekunde kumi za chumba kitupu
ili kompyuta ijue kelele ni ipi, iitoe.
Usisogee. Usipumue sana.

Moja. Mbili.
Sikudhani kimya kina watu wengi hivi.
Tatu: mashine ya kina Ghassani juu ya paa.
Nne: lori la maji linarudi nyuma kichochoroni,
ti, ti, ti.
Tano sijui ilikwenda wapi.
Saba: moyo wangu, kama jirani anayepigilia msumari.
Tisa: ng'ambo ya ukuta, mama, hamwambii mtu,
"Yarabi, mtoto huyu atajipika."
Kwa Kiswahili. Kiarabu
hukivaa akitoka, pamoja na baibui.

Nikapiga. Mara moja tu, mwanzo hadi mwisho,
jasho likiteleza na vidole.
Kompyuta ikazichukua zile sekunde kumi,
ikazifuta kila mahali.
Gitaa likabaki safi,
safi mno, kama bakuli lililosuguliwa kwa mchanga;
na kila noti ilipofifia
ilikuwa kama mtu anayesema ndani ya maji.
Nimezidisha. Desibeli sita zingetosha.

Kuna kitufe cha kusikiliza kilichotolewa.
Nikakibonyeza.
Paa la kina Ghassani. Mvumo.
Na humo humo, nyembamba,
mikia ya nyuzi zangu,
imekatwa na kurundikwa huko pamoja na takataka.
Mama hakuwamo; nilimtafuta mara mbili.
Mashine haijui maneno, inajua mvumo tu.

Basi nikarudisha nusu.
Chumba kikaingia tena nyuma ya wimbo,
kikakaa pembeni, hakikuomba radhi.

Mlango ukagongwa juu ya blanketi.
"Umemaliza? Friji."

Nikaenda kuzitoa funguo.
Nikaziweka shingoni, zingali baridi,
nikasimama hivyo gizani
mpaka zikapata joto.