Daftari la Madeni, Majengo

Chisuligwe, mpiga besi, ukurasa mzima ni wako.
Spika imepasuka, elfu nane. Hukulipa.
Spika ileile, mwezi uleule: uliijaza kokoto
ili, ulisema, mto Bubu upate kusema.
Hukulipa.

Nilikujua ukiwa na bendi ya hoteli, pale Makole,
shati la kitenge, nyuzi nne, kazi moja:
kuishika rumba kiuno isianguke.
Usiku mmoja jenereta lilikohoa, nawe ukaliitikia.
Wenzako wakaenda na wimbo,
wewe ukaenda na jenereta, robo saa, macho umefumba,
wacheza dansi wakabaki mguu mmoja hewani.
Meneja akakupa nauli ya kurudi kwenu Mvumi.
Ukanunua betri.

Tangu hapo ukawa mtu wa vijiko na spoku za baiskeli.
Uliisugua besi kwa upinde wa zeze la mjomba wako
ikalia kama tela la zabibu lililokatika breki.
Wengine walisema umerogwa.
Wengine, wapole zaidi: bado anajifunza.

Wageni walikuita mara moja, ng'ambo, wakati wa baridi.
Ulirudi na koti, kikohozi, na kanda:
dakika arobaini za noti moja.
Niliisikiliza nikichomelea waya. Sikuipenda.
Nikairudia.
Mara ya tatu ndipo nikasikia
noti inayokataa kuwa ileile.

Kisha lile ghala la reli. Watu kumi na mmoja,
watatu wamelala, mmoja wao mimi, naungama.
Kimya cha umeme kukatika ndicho kilichoniamsha.
Tukangoja uinuke. Hukuinuka.
Uliegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa bati,
ukagonga uzi mnene,
mlango ukaunguruma, misumari ikaunguruma, benchi,
hadi kwenye fizi zangu, penye jino bovu.

Jino nimeshang'oa. Wewe, wanasema, vidole vimekakamaa,
unafuga kuku Ntyuka.
Jana upepo wa Agosti ulitikisa mlango wa duka.
Niliacha kazi nikaenda kuushika,
nikaushika,
kisha nikauachia.

Spika, elfu nane. Spika, elfu nane. Waya, mia tano.
Sifuti.
Nikifuta, nitakuja kwako kwa kisingizio gani?