Soli ya Kulia

Ferrara, saa moja asubuhi. Ukungu umelala barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Napiga kengele; sijui namwonya nani.

Breki zimekufa tangu Pasaka.
Fundi Oreste ananiambia niilete, nami nasema kesho,
maana akiishika baiskeli yako
utamsikiliza na siasa: serikali zote mnyororo mmoja,
ukiukaza unakatika, ukiulegeza unachomoka.
Huenda. Mimi naamini pampu.

Naamini pia kwamba mtu humjui
hadi muendeshe pamoja upepo ukiwapiga usoni.
Mume wangu wa kwanza alitangulia daima,
hakugeuka hata mara moja.
Hilo lilinitosha.

Wenye magari hunihurumia mvua ikinyesha.
Nawaona kwenye foleni ya darajani, kila mmoja na kipupwe chake,
na uso wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.
Nawapita, mkate kikapuni ungali moto.

Safari? Nilifika Lisbon, kwa ndege.
Njiani sikuona kitu ila kisogo cha mtu.
Lakini tuta la mto Po nalijua kwa makalio:
penye mzizi, penye kokoto,
penye mbwa wa kina Bonfatti
anayebweka kwa wajibu tu, bila kuinuka.

Taa nyekundu. Nasimama kwa kiatu.
Cha kushoto kingali kama kilivyotoka dukani.
Cha kulia, nikikanyaga sarafu,
naweza kukuambia ni ya senti ngapi.