Kioo Chenye Tundu

Lilikuja bila kioo.
Magurudumu manane, mwili wa plastiki kama beseni la kufulia,
na Randiga, dereva, akashuka jicho moja limevimba likafumba.
"Mafunjo," akasema. "Yanapiga kofi kama mwalimu wa hesabu."
Jicho la pili lilikuwa zima, ila limejaa
wale wadudu wa ziwa wanaopanda alfajiri kama moshi.

Mimi ni fundi wa Kibuye. Natengeneza majiko,
karai, milango ya choo, mara moja jeneza la bati.
Gari linaloogelea, sijawahi.
Lakini nilisema ndiyo, maana ndiyo ni mtaji,
nikapima kwa kamba ya kiatu,
nikakata mfano kwa boksi la biskuti.

Kosa la kwanza nalikiri:
nilichukua kioo cha lori la miwa lililopinduka Awasi,
kizito, kizuri, na stika yake ya bima ya mwaka juzi.
Tukalisukuma gari majini pale Dunga.
Likainamisha pua, likanywa kama ng'ombe,
na Sista Awuor, sanduku la chanjo kichwani,
akanitazama tu.
Afadhali angenitukana.

Ndipo nikakumbuka duka la dawa la Nyabera,
lile pazia gumu la plastiki alilotundika mwaka wa korona,
tukawa tunasukumiana noti na vidonge tunduni
kana kwamba kifo hakijui kuinama.
Sasa lilikuwa nyuma ya choo, kuku wamelala juu yake.
Mia tatu, akasema. Nikampa mia mbili na jiko dogo.

Plastiki haipendi haraka.
Keekee ikienda mbio inayeyusha, ikikwama inapasua,
basi Obunga akadondosha maji kwa kijiko
nami nikazungusha polepole
kama mtu anayefungua mlango mtoto akiwa amelala.
Kulikunja, nililaza juu ya bomba la moto;
pembe moja ikachemka viputo. Vipo mpaka leo.
Ukingo nikauvika tyubu ya baiskeli.
Upau wa mbao ulitoka kwenye dawati lililovunjika,
bado umechorwa kwa bikari: ATITO ALIKUWA HAPA.
Na bawaba mbili, ili upepo ukizidi
kioo kilale, kisigombane nao.

Likabaki lile tundu.
Chini, upande wa kushoto, pana kama kiganja.
Kiraka nilikuwa nacho, na gundi.
Randiga akasema ngoja, utaziba tukirudi,
Nyando imevunja kingo usiku,
Ombaka watu wako juu ya mapaa.

Yaliyofuata sikuyaona, nimesimuliwa:
maji yalipita pale yakamlowesha Sista magoti,
gugumaji likaingiza ua lake la zambarau kama barua,
wadudu wakagonga wakabaki nje, wengi wao.
Na kwenye boma la nne, mama mmoja
ameketi juu ya ghala, kamshika mbuzi pembe,
alipoona ile plastiki inamjia ikielea
aliinama, akaweka mdomo kwenye tundu, akasema:
"Panadol mbili."

Sista alicheka mpaka gari likayumba.
Kisha akampa. Pale pale, tunduni.
Halafu ndiyo wakampakia, yeye na mbuzi.

Sijaliziba.
Kiraka kimekaa rafuni, gundi imekauka kwenye kopo.
Randiga bado nadai pesa za riveti thelathini.
Nimemwonya mara kumi: usifute kwa kitambaa kikavu,
mwaga maji kwanza, matope yashuke yenyewe.
Hasikii. Tayari mbele ya uso wake
pana duara la mikwaruzo, jeupe kama mtoto wa jicho,
na jua la saa kumi likilipiga haoni chochote.
Huinama basi, kidevu karibu na usukani,
akaendesha akichungulia tunduni.