Mlima Wenu Uko Wapi?

Saa mbili kasorobo, lango la Ngome, nilihesabu vichwa: sita.
Ndivyo tulivyoandika kwenye karatasi: kikundi kidogo, siku moja,
chakula cha mchana ndani ya bei, mwavuli ni wako.
Bwana na Bibi Chepkwony wa Nakuru, kofia sare.
Mwalimu Mwakio wa Voi, jiografia, na bintiye Mghoi aliyenuna.
Mutalemwa wa Bukoba, kamera kifuani kama mtoto mchanga.
Na mama mmoja wa Ngazidja, Moinaecha,
raba nyeupe, leso mbili, mkoba kwapani,
hasemi kitu.

Nikaanza maneno yangu ya kila siku.
Miaka tisa nayasema, yamesagika kama vidato vya ngazi:
ukuta huu, mzinga ule, Mreno, Mwarabu, Mwingereza,
jela, makumbusho, tafadhali msikalie mizinga.
Akauliza yeye, kwa Kiswahili chenye mawimbi ya kwao:
"Na mlima wenu uko wapi?"

Nikacheka. Mlima gani, mama?
Mwinuko wetu mkubwa ni daraja la Nyali.
Hakucheka.
"Kisiwa bila mlima," akasema, "kimetoka wapi?"

Hilo halimo katika maneno yangu.

Mwalimu Mwakio akakohoa, akataka kujibu. Bintiye akamfinya.
Moinaecha akaweka kiganja ukutani, pale jua halijafika,
akakiacha kama apimaye homa ya mtoto.
"Baridi."
Kisha akatwambia:
kwao jiwe ni jeusi, lina matundu, limetoka likiwaka;
mlima ukiamka, kuku hutangulia kujua;
mwaka mmoja majivu yalishuka usiku kucha
yakaingia birikani, katika maji ya mvua,
wakanywa kijivu siku nne,
na mamake akafagia paa kabla ya kufagia uwanja,
akisema: mgeni huyu hakubisha hodi, lakini nyumba ni yake.

Tukatembea, nami sikuwa nikiongoza tena barabara.
Kibokoni, harufu ya bizari na rangi mbichi ya mlango.
Bi Chepkwony akasema kwao nako kuna shimo, Menengai,
na babake alipika viazi vitamu kwa mvuke wa ardhi,
bure, bila kuni.
Mumewe akasimama njiani.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, hajapata kusikia hilo.
Mutalemwa akasahau kupiga picha.

Nyuma ya Marikiti pana nyumba iliyobanduka plasta,
ukuta uko uchi.
Nikamwita: Mama, ndoo utazame.
Ndani ya jiwe, nyota ndogo ndogo,
vijia vya wadudu, kombe zima la chaza
limekaa kama sarafu iliyosahauliwa mfukoni.
Nikasema polepole, maana nami nilikuwa nikiyasikia mara ya kwanza:
Sisi hatukutoka motoni.
Sisi ni mifupa ya vidudu,
kila kimoja hakizidi punje ya mtama,
kikafa, kikampa mwenzake mgongo.
Bahari ikashuka, tukabaki juu.
Hapakuwa na kishindo.
Hakuna aliyeamshwa.

Akapitisha ukucha kwenye ile nyota.
"Kwetu kisiwa kilizaliwa kwa ghadhabu," akasema.
"Chenu kwa…" Akatafuta neno, asilipate,
nami sikumsaidia.

Mchana tulikula viazi karai kwa ukwaju.
Mghoi akaongeza mara mbili, manuno yakamwisha,
akamuuliza Moinaecha kama kuku wale walipona.
"Wawili," akajibiwa. "Jogoo, la."

Saa kumi na nusu, langoni: sita.

Usiku, Majengo, nimevua viatu,
nyayo sakafuni, nasikiliza.
Kitu kikatetema chini, kwa mbali.
Nikazuia pumzi.
Friji la jirani.
Likanyamaza.
Nikainuka, nikajaza ndoo maji ya kesho,
na jambo ambalo sina desturi nalo,
nikaifunika.