Presha

Nilikuwa nimeshameza vidonge vyangu, cheupe na cha waridi,
ambavyo kazi yao ni kushusha,
uliponijia, Azzan, mikono imejaa grisi,
kuomba msaada wa kupandisha.

Ukamwaga mfuko juu ya kitambaa changu cha meza:
tii ya shaba kutoka duka la mabomba, sanaiya ya Maabela,
baisa mia nane, nati Biju kakupa bure;
bolti ndefu; gololi moja,
urithi wa baiskeli iliyokuvunja jino;
na springi.
Hiyo springi naijua.
Ni ya kalamu yangu ya wodini.

"Rahisi, shangazi," ukasema,
kama wasemavyo wote kabla ya kuvunja kitu.
Turbo huipulizia injini. Hewa kidogo huchepuka,
hupita mpira mwembamba
kumpasha habari bawabu wa mlango wa moshi:
basi, imetosha, fungua.
Sisi tunaiweka gololi njiani,
springi iikalie mgongoni, habari ichelewe.
Bawabu hajui, turbo inazidi.
Kaza bolti, achelewe zaidi kujua.

Nikacheka. Nimeziona nyumba zinazoendeshwa hivyo.

Nikatoa kabatini mashine yangu ya kupimia,
ile ya kuminya kwa mkono, saa yake inaishia mia tatu.
Tukachomeka mpira. Nikaminya, nikaminya,
kidole changu kimeziba upande wa pili.
Mia na tisini: tik.
Gololi imenyanyuka.
Upepo ukanigusa kidole kama pumzi ya mtoto mchanga.
Nikalegeza. Sindano ikarudi sifuri
lakini kidole changu
bado kilikuwa kinasukumwa.

"Azzan, hii iliyokwisha kupita, inatokea wapi?"

Ukanyamaza. Feni ikaendelea na yake.
Hewa imenaswa nyuma ya gololi,
na bawabu ataushikilia mlango wazi
kwa habari ya jana.

Ukaleta keekee, ncha nyembamba kama sindano ya kutolea damu,
ukatoboa ubavuni tundu moja.
Chembe za shaba zikaangukia sahani ya halua.
Tukala pembezoni.

Saa nne usiku, joto thelathini na nane,
Subaru yako ya kijani, yenye kovu kwenye boneti,
tunapanda mlima wa Bausher kwenda Amerat.
Ulitaka nibaki nyumbani. Nilikataa.
Nukta tano. Nukta saba.
Nukta tisa, sindano ikatulia hapo
kama mgonjwa aliyepata usingizi.
Mgongo wangu ukazama kitini, magoti nikayasahau,
taa za Maskati zikamwagika kwenye kioo cha nyuma
nami nikapiga kigelegele, ndiyo, mimi,
usimwambie baba yako.

Ukaegesha. Ukafungua boneti.
"Kidogo tu, shangazi. Nusu mzunguko."

Safari hii nilisikia kabla yako:
kunde kavu zinarushwa kwenye kifuniko cha bati,
chache,
halafu nyingi.
Injini haina ulimi wa kusema kifua kinabana.
Na hata wenye ulimi! Wanaume wangapi
walinikalia kitandani, jasho jembamba usoni,
wakiapa ni gesi tu.
"Toa mguu."
"Lakini bado ina nguvu..."
"Toa."

Ukashuka na spana na tochi ya simu mdomoni.
Ukairudisha ile nusu.
Kisha, bila kuambiwa na mtu, robo nyingine.
Hiyo robo, Azzan,
hiyo ndiyo niliyokupendea.

Leo asubuhi nimejipima.
Mia na arobaini na nane kwa tisini na mbili.
Daktari atauliza nimekula chumvi gani.
Kalamu yangu haibonyei tena;
namba nimeiandika kwa penseli,
hafifu, ili ifutike.