Asilimia Sitini na Tatu

Nilikuwa nabonyeza A
kisha naenda kununua sambaza kwa Mama Mwangaza,
nabishana bei, nalipa, narudi,
na A ndiyo kwanza inaingia kwenye karatasi,
inahema kama aliyepanda Kadutu na gunia la makaa mgongoni.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipanga foleni
wakikodolea kile kiduara kinachozunguka,
kinachozunguka,
kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.
"Mama Nabintu," mmoja akaniambia,
"utetezi wangu ni Jumatatu.
Jumatatu hii. Si ya mwaka kesho."

Nikamwita Murhula.
Akaja na flashi shingoni, pale wengine huvaa rozari,
akatega sikio kwenye feni, akapiga mluzi.
"Antivirusi haitasaidia. Tunafuta chote,
tunaweka mfumo upya.
Dola kumi na tano, na soda."

Futa chote: maneno mawili tu.
Nikakesha nikihamisha, kadiri moto wa waya ulivyokubali:
barua za kuomba kazi, mia nne na kumi na mbili,
zote zikianza Kwa heshima kubwa;
ratiba za mazishi, zenye nyuso
zilizokatwa kutoka picha za arusi;
orodha ya mahari ya mtu wa Kabare, ng'ombe wanane,
na chini yake, kwa herufi nyekundu, saba.
Vyote nikavichukua.
Kitu kimoja hakikuchukulika.

Miaka sita, kila asubuhi,
kioo kiliniambia: Karibu, Zihindula.
Si mimi. Ni kaka yangu aliyeinunua mashine,
akaandika jina lake mlangoni mwake,
halafu akaenda Kamituga kuchimba,
na Kamituga haijamrudisha.
Nami nilikuwa naitikia kimoyomoyo:
hayupo, lakini ahsante.

"Jina si faili," Murhula akasema. "Haliingii kwenye flashi."
Akanitazama. Nikatazama ukuta.
Akabonyeza.

Kumi.
Ishirini na nane.
Mvua ikaanza kuhesabu mabati.
Hamsini.
Sitini na tatu,
moto ukakatika.

Mtaa mzima ukatoa ile sauti yake, aaah,
tunayoijua tangu tumbebwa mgongoni.
Hapo mezani kulikuwa na kitu
kisicho cha zamani tena, kisicho kipya bado,
kisichomjua Zihindula wala kunijua mimi.
Murhula akamalizia soda yake gizani
kana kwamba nusu ya kazi nayo ni kazi.
Ruzizi ilikuwa inashuka na maji yake yote,
na sisi tunapapasa kiberiti.

Saa nane za usiku, moto huo.
Tukaanza toka sifuri.
Sifuri haina kinyongo.

Kulipopambazuka kioo kilikuwa safi kama sahani ya mgeni,
kikauliza kwa adabu: Jina lako nani?
Nikabonyeza Z.
Ikatokea hapo hapo, kabla sijainua kidole,
nikashtuka, nikageuka nyuma.
Mlango ulikuwa umefungwa.
Murhula alikuwa anakunja nyaya zake, hakuona.
Nikaifuta Z.
Nikabonyeza N.

Sasa inakimbia. Yule wa Jumatatu alitetea, akapita,
akaniletea biskuti.
Foleni imekwisha, na umbea wa foleni umekwisha nayo.
Anayechelewa ni mimi:
nabonyeza A,
nainuka, nachukua kikapu,
nafika mlangoni
ndipo nakumbuka
kwamba A ilishafika zamani,
imekaa pale peke yake, inanisubiri.

Mama Mwangaza ameanza kuuliza
ni nani mwingine siku hizi
ananiuzia sambaza.