Kitenzi cha Mhandisi Quisbert

Toleo la nne, herufi Q.
Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la miwani,
na La Paz iko juu mno:
hata maji ya chai huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.
Mimi na Wálter Iturri tunapima watu kwa maneno.
Rais, mia nne.
Rais wa mapinduzi, mia mbili na picha.
Waziri, arobaini,
na kama hakumaliza mwezi, tunapunguza.

Nimezoea kukata.
"Mzalendo" nakata. "Mpendwa wa wengi" nakata.
Seneta mmoja alituletea kondoo mzima, amekwisha kuchunwa,
ili tusahau mwaka aliojificha ubalozini.
Kondoo tulimla.
Mwaka upo, ukurasa wa themanini na mbili.

Alhamisi alipanda ngazi bibi mmoja,
akaketi kabla ya kukaribishwa,
boksi la viatu mapajani.
Doña Eduviges, mjane wa Quisbert.
Kitabu hakukifungua; alikuwa nacho kichwani:

*QUISBERT ARZE, Teodosio. Mhandisi wa reli.
Mzaliwa wa Uncía. Waziri wa Uchukuzi
kwa siku kumi na moja. Alijiuzulu.* Kisha msalaba, na mwaka.

"Hapo," akasema. "Neno la mwisho.
Jumanne ile alikuwa chini ya sinki la jikoni,
chali, spana mkononi,
redio juu ya friji.
Redio ikasema Mhandisi Quisbert amejiuzulu
kwa sababu za afya.
Akatoa kichwa, akaniuliza:
Eduviges, naumwa nini?"

Kisha akarudi chini ya sinki.
Bomba lile, akasema, halijavuja hadi leo.

Ndani ya boksi: filimbi ya stesheni,
rula iliyovunjika,
na barua moja yenye muhuri wa ikulu,
ya kujiuzulu, imetiwa sahihi: *Teodocio*.
Kwa C.
"Mtu hukosea mengi," akasema, "lakini jina lake?"

Wálter akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mama, hati pekee uliyotuletea
inasema alijiuzulu."
"Ndiyo. Ndiyo maana nimeileta."

Nikamuuliza anataka nini. Aya? Picha?
Tungeweza kumwongezea daraja moja alilojenga.
"Sifa anazo makaburini, nimelipia marumaru.
Mimi nataka kitenzi."

Usiku nikabaki peke yangu na *ji*.
Herufi mbili tu,
ndogo kama mkono unaomsukuma mtu mlangoni
kisha unajificha ndani ya koti lake mwenyewe.
Nikafunua nyuma, bila mpango.
Balozi wa herufi M: alijitenga na siasa.
Meya wa herufi L: alijihamishia ng'ambo.
Kanali wa herufi H, mwenye watoto sita:
alijiangusha dirishani.
Maneno haya niliyaandika mimi,
kwa miaka kumi na tisa, kwa mwandiko safi,
na kila mara nilihesabu maneno, sikuhesabu mikono.

Nikachukua penseli.
*Alijiuzulu*: herufi kumi.
Nikaifuta, nikaandika juu ya alama ya kifutio
*aliuzuliwa*.
Nikahesabu kwa kidole, mara mbili.
Kumi.
Mstari haukusogea, ukurasa haukuongezeka,
mchapaji hatadai hata senti.
Ingekuwa rahisi hivi tangu toleo la kwanza,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Ijumaa Wálter akaingia na mkate, akauona ukurasa.
Nilingoja aniulize hati iko wapi.
Hakuuliza.
Akanoa penseli yake taratibu, vumbi likaanguka kwenye sahani,
akaziweka kando karatasi za herufi R,
akanisogezea A.